Rafu ya Mizigo Nyuma ya Gari



Ukurasa huu ni wa nyumba na mambo ya nyumbani, na mwezi huu tumeona tulitie gari katika hesabu ya vyombo vya nyumba. Maana siku hizi nyumba nyingi zina motokaa moja tu, na motokaa hiyo moja ndiyo punda wa kila kazi. Asubuhi yapeleka watoto shule, mchana yapeleka unga na sukari dukani, jioni yachukua masufuria ya arusi, na siku ya mapumziko yabeba jamaa wote kwenda shamba kuwazuru wazee.

Ndugu yetu mmoja mwenye duka dogo ametuletea suali. Gari lake ni Toyota Probox, gari ambalo lilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002 kwa kazi za biashara, na ambalo leo halina mgeni katika barabara zetu. Asema kwamba nyuma ya gari hilo vitu hulaliana ovyo: gunia huponda mikate, mafuta humwagikia nguo, na kila anapofunga breki husikia vitu vikigonga mgongo wa kiti wanachokalia watoto wake. Auliza: je, aweza kutengeneza rafu ya mbao kwa mkono wake mwenyewe, ili vizito viwe chini na vyepesi viwe juu, naye apate kuchukua mizigo mingi zaidi?

Jawabu letu ni hili. Kutengeneza rafu aweza, wala si kazi kubwa kwa mtu ajuaye kushika msumeno. Kupanga vitu vizito chini na vyepesi juu ni rai njema kabisa. Lakini ile fikra ya mwisho, ya kuchukua mizigo mingi zaidi, twamwomba aiondoe moyoni kabla hajanunua ubao wa kwanza. Rafu haiongezi nguvu ya gari. Kinyume chake, huipunguza, kwa kuwa rafu yenyewe ni mzigo. Faida ya rafu ni mbili tu: kukipa kila kitu mahali pake, na kukizuia kisiondoke mahali pake siku ya dhiki. Rafu isiyofanya hayo mawili, heri isiwepo.

HESABU YA UZITO

Kila gari lina uzito wa juu kabisa uliowekwa na waliolitengeneza. Uzito huo huandikwa katika hati za gari, na mara nyingi pia katika kibati au kibandiko kilichopo kwenye kizingiti cha mlango wa dereva au chini ya boneti. Ndani ya uzito huo mmehesabiwa kila kitu: gari lenyewe, mafuta yake, dereva, abiria, mizigo, na hiyo rafu tunayoizungumza.

Na tupige mfano. Tuseme hati zaonyesha kuwa gari tupu lina kilo 1,050, na uzito wa juu kabisa ni kilo 1,500. Tofauti ni kilo 450. Sasa wakiingia watu wazima watano, kila mmoja wa kilo 65, wamekwisha kula kilo 325. Zimebaki 125. Rafu ya mbao tutakayoieleza hapa yapata kilo 30. Basi zimebaki kilo 95. Magunia mawili ya unga ya kilo 50 yamekwisha pita mpaka! Na wangapi kati yetu hupakia jamaa nzima, kisha wakatia magunia manne, na juu yake ndizi na kuku?

Hesabu hiyo ni mfano tu, na kila mtu na atazame hati za gari lake. Lakini njia ni hiyo hiyo: chukua uzito wa juu, toa gari tupu, toa watu, toa rafu, kilichobaki ndicho chako. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na gari ni mwenzio asiyekuwa na ulimi wa kulalamika. Hulalamika kwa springi kukatika, kwa tairi kupasuka, na kwa breki kukataa mteremkoni.

NGUVU YA KITU KISICHOFUNGWA

Jambo la pili ni lile la sauti anayoisikia ndugu yetu nyuma ya viti. Sauti hiyo ni onyo, na twapenda ijulikane maana yake.

Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde. Likifunga breki kali katika barabara kavu, kila kilichomo ndani hujisukuma mbele kwa nguvu iliyo kama sehemu nane katika kumi za uzito wake. Ndiyo sababu makopo huruka na magunia huteleza. Lakini gari hilo likigonga mti au gari jingine, likasimama katika masafa ya mita moja, nguvu hiyo huwa karibu mara kumi ya uzito wa kitu. Dumu la mafuta ya kupikia la lita 20, ambalo uzito wake wapata kilo 18, husukuma mgongo wa kiti kwa nguvu ya kilo 180, yaani zaidi ya uzito wa watu wazima wawili. Na mwendo ukizidi mara mbili, ukawa kilomita 100 kwa saa, gari nalo likasimama katika masafa yale yale, nguvu haizidi mara mbili bali mara nne.

Basi fikirini: mtoto amefungwa mkanda wake vizuri, baba ameendesha kwa adabu, lakini nyuma ya kichwa cha mtoto liko dumu ambalo halikufungwa na mtu. Mkanda wa mtoto hauwezi kumkinga na dumu la babake.

Na rafu isiyofungwa kwenye mwili wa gari ni hivyo hivyo. Yenyewe ni kilo 30, na siku ya kugongana husukuma kwa nguvu ya kilo 300, pamoja na vyote vilivyo juu yake. Kwa hiyo kazi ya kuifunga rafu si kazi ya mwisho ifanywayo ukipatikana wasaa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mbao ni nyongeza.

VIFAA NA VIPIMO

Kwanza, safisha nyuma ya gari pote, ondoa mkeka au zulia la sakafu, uone bati lenyewe. Tazama gurudumu la akiba na jeki viko wapi. Katika magari mengi gurudumu la akiba huwa chini ya sakafu ya nyuma, na mtu akiisha kulifunika kwa rafu iliyokazwa, siku ya pancha hana la kufanya ila kuvunja alichokijenga. Ikiwa gari lako ni la namna hiyo, panga tangu sasa ni kipande gani cha rafu kitakachofunguka upesi.

Pili, chukua karatasi ngumu za maboksi, uzikate zifuate umbo la matao ya magurudumu na kuta za gari. Gari halina pembe mraba hata moja, na mtu apimaye kwa futi peke yake hudanganyika. Karatasi ikikaa vizuri, mbao nayo itakaa. Acha nafasi ya sentimita moja kila upande, kwa kuwa gari hutikisika nayo mbao hulia ikigusana na bati. Usisahau kupima upana wa mlango wa nyuma: rafu iliyoundwa barazani ikakataa kuingia mlangoni imefanya wengi wachekwe na majirani.

Tatu, mbao. Ubao ufaao ni plaiwudi, yaani ubao uliogandishwa tabaka juu ya tabaka, wenye unene wa milimita 18. Mtu ataona ule wa milimita 12 ni mwepesi na rahisi zaidi. Ni kweli, lakini ugumu wa ubao usipinde hauendi sawa na unene wake. Ubao wa milimita 18 hushinda ule wa 12 kwa kutopinda zaidi ya mara tatu, na uzito wake umezidi mara moja na nusu tu. Mbao nzima za mvule au mninga ni nzuri kwa milango na vitanda, lakini nyuma ya gari hula uzito ambao tulikwisha uhesabu kwa kilo.

Karatasi moja ya plaiwudi ni futi 8 kwa futi 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Tuseme nafasi kati ya matao ya magurudumu ni sentimita 102, nasi twataka rafu ya upana wa 100. Karatasi hiyo moja yatosha kwa kazi yote, ikikatwa hivi kwa kufuata urefu wake:

Kipande cha kwanza ni sentimita 92, na ndani yake mtoke ubao wa rafu wa 92 kwa 100. Utabaki ukanda wa upana wa karibu 22, ambao utatoa kingo mbili za mbavuni za upana wa sentimita 10.

Kipande cha pili ni sentimita 90, na ndani yake mtoke mbao tatu za kusimama, kila mmoja 90 kwa 40: mbili za pembeni na moja ya katikati.

Kipande cha tatu ni sentimita 40, na ndani yake mtoke ubao wa mgongo wa 100 kwa 40, utakaokaa upande wa viti.

Vipande viwili vya mwisho ni vya sentimita 10 kila kimoja, navyo ni kingo za mbele na za nyuma. Jumla ni sentimita 242, na zile mbili zilizobaki ni chakula cha msumeno.

Huo ubao wa kusimama wa katikati asiuache mtu kwa kuona ni ziada. Mzigo ule ule ukiwekwa katikati ya nafasi iliyopunguzwa nusu, ubao hupinda sehemu moja tu katika nane ya vile ulivyokuwa ukipinda. Tena hugawa chini pakawa na mashubaka mawili, na magunia hayapati uwanja wa kutelezea huku na huku.

KUUNGANISHA

Tumia gundi ya seremala isiyoyeyuka kwa maji, pamoja na parafujo za milimita 50. Misumari haifai. Gari hutetemeka kutwa nzima, na msumari katika mtetemo hutoka kidogo kidogo kama jino bovu. Kabla ya kutia parafujo, toboa tundu jembamba kwa keekee, ili ubao usipasuke. Tia parafujo moja kwa kila sentimita 15.

Simamisha mbao tatu, hakikisha pembe zake kwa guni, ufunge ubao wa mgongo kwanza kabla ya ubao wa rafu. Ubao huu wa mgongo wafanya kazi kubwa kuliko uonekanavyo. Sanduku la mbao nne lisilo na mgongo hulala upande, mfano wa kibanda kilichosukumwa na upepo. Likipata mgongo uliogundishwa vizuri, halilali tena. Mwenye kutaka kupunguza uzito aweza kuweka papi mbili za mshazari mahali pa ubao huo, lakini asiache patupu kabisa.

Kisha laza ubao wa rafu juu, upige gundi na parafujo. Zisimamishe kingo pande zote nne juu ya rafu. Zile za mbavuni zipunguzwe ziingie kati ya hizi nyingine. Ukingo wa sentimita 10 huzuia vitu vidogo visiteleze, lakini mtu asidhani kwamba huzuia kitu kizito siku ya ajali.

Piga msasa pembe zote mpaka ziwe laini, maana mikono ya watoto na ya akina mama itapita hapo kila siku. Paka rangi au vanishi mara mbili, na khasa katika ncha zilizokatwa, ambapo maji ya samaki na ya barafu hupenya na kufungua tabaka za ubao. Juu ya rafu tandika mpira mwembamba, usio wa kuteleza.

KUIFUNGA NA GARI

Hapa ndipo penye roho ya kazi, na msomaji na asome taratibu.

Magari mengi ya namna hii yana pete za chuma sakafuni za kufungia mizigo, au matundu yenye nyuzi za bolti yaliyoachwa na watengenezaji. Hayo ndiyo mahali bora pa kufungia, kwa kuwa chini yake pametiwa chuma cha nguvu. Funga vikono vya chuma cha pembe katika mbao za pembeni, viwili kila upande, kisha uvikaze kwenye matundu hayo kwa bolti za kipimo chake. Usiguse bolti zinazoshika mikanda ya usalama ya abiria. Hizo si zako, ni za roho za watu.

Ikiwa hapana budi kutoboa sakafu, kwanza lala chini ya gari utazame. Tangi la mafuta liko wapi? Mabomba ya breki yapita wapi? Nyaya je? Mtu atoboaye bila kutazama aweza kutoboa tangi. Asiyekuwa na hakika na amwite fundi wa magari kwa kazi hii moja. Ujira wake ni mdogo kuliko khasara.

Bolti ya milimita 8 iliyoandikwa 8.8 kichwani hustahimili mvuto wa zaidi ya tani mbili bila kunyooka. Kwa hiyo siku ya ajali si bolti ikatikayo, bali bati jembamba la sakafu huraruka, na bolti ikatoka nzima na kichwa chake. Dawa yake ni kuweka chini ya sakafu kipande cha bamba la chuma, au washa pana, ili nguvu igawanyike juu ya eneo kubwa. Tumia nati zenye pete ya nailoni ndani, zisizolegea kwa mtetemo. Sisi watu wa pwani tutumie bolti zilizopakwa zinki, na kila tundu tulipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kukaza, kwa kuwa hewa ya chumvi haina huruma. Baada ya juma moja la safari, rudi na spana ukaze tena.

Juu ya rafu, kati ya mizigo na vichwa vya watu, funga wavu wa chuma au wavu wa kamba madhubuti toka rafuni hadi darini, nao ushikwe na mwili wa gari na si na mbao peke yake. Na ndani ya mashubaka, funga mizigo kwa mikanda ya racheti. Mkanda mzuri una kibandiko chenye herufi LC na tarakimu. Tarakimu hiyo, katika kipimo cha daN, ni karibu sawa na kilo za nguvu ambazo mkanda waweza kuzihimili. Ile mipira iliyokatwa katika tyubu za zamani yafaa kufungia mkeka juu ya baiskeli. Kwa mzigo wa gari haifai, maana kazi ya mpira ni kunyooka, nasi twataka kisichonyooka.

KUPAKIA

Mabaharia wetu wa majahazi walijua siri hii kabla ya motokaa kuja. Shehena nzito walishusha chini katika ngama, na chombo kikiwa kitupu walitia farumi ya mawe ili kisipinduke. Hakuna nahodha aliyepakia chuma juu na pamba chini. Gari nalo ni hivyo hivyo: uzito ukipanda juu, gari huyumba katika kona na hupinduka upesi.

Basi magunia, madumu na masanduku ya soda yakae sakafuni, ndani ya mashubaka, yakiegemea ubao wa mgongo. Vitu vizito visikae nyuma kabisa mlangoni. Mfano wake ni mzegazega: mzigo wa nyuma ukizidi, ncha ya mbele huinuka. Uzito ulio nyuma ya magurudumu ya nyuma huyapunguzia mzigo magurudumu ya mbele, nayo ndiyo yashikayo njia na ndiyo yafanyayo kazi kubwa ya breki. Tena taa za mbele huinuka, zikawapofua waendeshao wakikukabili usiku. Kabla ya safari yenye mzigo, tia upepo wa tairi kwa kipimo kilichoandikwa na watengenezaji kwa gari lililojaa.

Juu ya rafu viwekwe vyepesi tu: mikate, nguo, mboga, vitambaa. Andika kwa rangi kwenye ukingo, kwa tarakimu kubwa: KILO 40. Mpaka ulioandikwa humwokoa baba na mashauriano ya kila siku, maana shemeji akija na mzigo wake, ni ubao ndio umkatazao.

Nasi walimu wa vyuo tuna neno letu hapa. Gari la chuo huchukua mikeka, masufuria ya maulidi na vitabu kwa pamoja. Misahafu na majuzuu mahali pake ni juu ya rafu, ndani ya sanduku lenye kifuniko, lililofungwa, wala kisiwekwe kitu juu yake. Kabla ya kuwa na rafu, jambo hilo huwa gumu, na watu hupakata sanduku mapajani njia nzima. Rafu nzuri huondoa taabu hiyo.

Sasa mambo manne ya kujihadhari nayo.

La kwanza, watoto wasikae juu ya rafu, wala juu ya magunia, hata kama safari ni ya mtaa wa pili. Mahali pa mtu ni kiti chenye mkanda. Gari likijaa mizigo hata mtoto akakosa kiti, basi ni mzigo ushukao, si mtoto apandaye juu yake.

La pili ni vyakula vya moto. Akina mama wapikao kwa arusi na matanga hupeleka masufuria ya mchuzi na mafuta yakingali ya moto. Sufuria hilo likae sakafuni ndani ya shubaka, lizibwe pande zote kwa magunia makavu au blanketi, kifuniko kifungwe kwa kamba mikononi mwa sufuria. Lisijazwe hadi ukingoni. Wala asipakatwe nalo mtu.

La tatu ni mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutua chini sakafuni na kungoja cheche. Mtungi usimame wima, ufungwe, kilango chake kikazwe, madirisha yawe wazi, nao ushushwe mara mfikapo. Usiachwe ndani ya gari lililofungwa juani.

La nne ni macho ya dereva. Mizigo isipande ikaziba kioo cha nyuma. Na kabla ya kuanza kazi yote, uliza kampuni ya bima yako na polisi wa barabara kama sheria ya kwenu yaruhusu kukazwa rafu ndani ya gari la abiria. Suali moja leo ni bora kuliko mabishano marefu baada ya ajali.

Hayo ndiyo maelezo. Mwenye kuweza na afanye pamoja na vijana wake wakati wa likizo. Watajifunza kupima, kukata na kuhesabu kwa kazi moja, na kazi ya mikono haimshushi mtu daraja. Asiyeweza na ampe seremala ukurasa huu, asimame naye wakati wa kuifunga, na kabla ya kulipa ashike rafu kwa mikono miwili aitikise kwa nguvu zake zote. Rafu ikitikisika peke yake, kazi haijesha. Gari zima likitikisika pamoja nayo, kazi imekwisha.

Kila mtoto wa chuoni amesikia habari ya mtu na ngamia wake, kwamba kufunga kwatangulia kisha ndipo kutegemea. Ngamia wetu wa leo ana magurudumu manne, na mgongoni mwake wamekaa watoto wetu pamoja na mizigo yetu. Rafu si ya kumwongezea mzigo. Ni ya kuwatenga watoto na mizigo, ili kila mmoja afike akiwa mahali alipowekwa.

Wabillahi tawfiq.